Antibayotiki ndani ya kizazi cha farasi: uvimbe ni wa dawa, makovu ni ya nani?

Swali: "Daktari, shikamoo. Nina farasi jike wa miaka 15. Kwa misimu miwili amepandwa mara tano na hakushika. Mwezi uliopita alichukuliwa ute, maabara wakaotesha wakapata E. koli. Daktari wetu akamwekea jentamisini ndani ya kizazi siku tano mfululizo, akianza siku ile ile farasi alipoacha kumkubali dume. Siku mbili baada ya dozi ya mwisho akamkata kinyama cha ndani ya kizazi cha kupimwa maabara. Majibu yanasema kuna uvimbe mkali na makovu kuzunguka tezi, daraja la IIB. Halafu farasi akarudi kwenye joto siku tisa tu tangu lile la kwanza liishe. Mwenzangu mmoja anasema dawa imemuunguza kizazi. Mwingine anasema nimalizie na enrofloksasini ya sindano, niiweke mle mle. Je, dawa imemharibu? Na nisubiri muda gani kabla ya kumpandisha tena?"

Marahaba. Nianze na lisilosubiri: hiyo enrofloksasini usiiweke. Kama umeshainunua, mkabidhi daktari wako, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Kuhusu jentamisini, umefunga mambo mawili kwenye furushi moja. Majibu ya maabara yanataja uvimbe, kisha yanataja makovu, nawe umeyasoma kama jeraha moja lililoachwa na dawa moja. Mimi nayatenganisha. Uvimbe ule huenda kweli umeletwa na matibabu. Makovu hayakuletwa nayo. Kovu la kuzunguka tezi halijengeki ndani ya wiki moja. Lile lilikuwepo kabla daktari wenu hajafungua mkoba wake, na huenda ni mojawapo ya sababu za farasi kutoshika misimu yote miwili. (Ninaposema uvimbe simaanishi donge. Ni ule mwitikio wa mwili: mishipa inatanuka, maji yanajaa kwenye nyama, seli nyeupe za damu zinamiminika.)

Utando wa ndani wa kizazi cha farasi ni kitu chepesi kuliko watu wanavyodhani. Juu kabisa kuna safu moja tu ya seli, zimesimama bega kwa bega. Chini yake kuna nyama laini, na ndani ya nyama hiyo zimejikunja tezi zinazotoa ute wa kulisha mimba changa. Kwa farasi tezi hizo zina kazi kubwa, kwa sababu kiinitete chake huzurura ndani ya kizazi hadi karibu siku ya 16 ndipo kitulie mahali pamoja, na kondo la nyuma huchelewa kujishikiza. Kwa wiki kadhaa mtoto anaishi kwa kile anachotolewa na tezi. Ndiyo maana maabara wakisema tezi zimezungukwa na makovu tunakunja uso hata kama juu ya utando kote kunang'aa: chakula hakitoki vizuri.

Sasa dawa. Ukiweka kimiminika chochote mle ndani, hata maji ya chumvi safi kabisa ya hospitali, seli nyeupe zitakuja. Hata mbegu za dume zenyewe huamsha uvimbe kila anapopandwa, na si lazima ziwe zimebeba uchafu. Farasi mzima hupokea shambulio hilo, husukuma maji yote nje, na ndani ya saa 24 hadi 48 kizazi kimetulia. Kwa hiyo swali la kama dawa ilileta uvimbe halina ubishi, ililazimika kuleta. La kuuliza ni uvimbe wa kiasi gani, na kama safu ile ya juu ilibaki imesimama au ilichubuka.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuilaumu dawa yenyewe, wakati mara nyingi kinachounguza ni kile kilichoibeba. Nina mazoezi ninayowafanyisha wanafunzi. Naweka chupa tatu za sindano mezani na karatasi za kupimia pH, nawaambia wachovye kabla sijasema neno. Karatasi ya jentamisini inaonyesha tindikali: dawa hiyo hutengenezwa ikiwa na pH ya kati ya 3 na 5 hivi. Ya maji ya chumvi haionyeshi kitu cha kushangaza. Ya enrofloksasini ya sindano inageuka buluu iliyokolea, kwa sababu pH yake ni ya alkali kali, 10 na zaidi. Kisha nauliza ni ipi kati ya hizi wangekubali kuitia kwenye jicho lao. Darasa hunyamaza, na somo huwa limeisha.

Jentamisini tindikali yake inarekebishika. Kabla ya kuiweka huchanganywa na sodiamu baikaboneti, kwa kawaida ujazo kwa ujazo, halafu huongezwa maji ya chumvi hadi kufika kama mililita 60 au zaidi kidogo kwa farasi mwenye kizazi kikubwa. Ikitayarishwa hivyo huacha uvimbe mdogo unaopita. Ikiwekwa mbichi kutoka kwenye chupa inachoma, na kwa hasara ya pili, dawa za kundi hilo hazifanyi kazi vizuri kwenye tindikali, kwa hiyo unakuwa umemuumiza mnyama na vimelea umewaacha wakistarehe. Amikasini nayo ni vivyo hivyo. Mwulize daktari wako kwa upole: jentamisini ilichanganywa na nini, na kiasi gani? Usimwulize kama hakimu. Wengi hawalitaji kwa sababu kwao ni jambo la kila siku, ila kuna wanaolisahau, na jibu lake litakuambia mengi kuliko karatasi ya maabara.

Enrofloksasini ya sindano ni habari nyingine kabisa. Vimelea wengi wanaisikia, na hilo ndilo linalowashawishi watu. Lakini ikimwagwa juu ya ile safu moja ya seli, majike waliochunguzwa baadaye wameonekana na utando uliomomonyoka, uliovuja damu, wengine wenye vidonda. Kidonda kikipona huacha kovu. Kama kimelea kinaisikia dawa hiyo peke yake, kuna njia ya mshipa, ambayo daktari ataipanga kwa uzito wa mnyama, na dawa hufika kwenye kizazi kupitia damu bila kugusa utando kwa alkali yake. Usikubali mtu akuambie kwamba ukiizimua kwa maji basi imekuwa salama.

Kwenye orodha hiyo hiyo naweka oksitetrasaiklini zenye vibebeo vizito na klohekzidini. Hii ya pili inawadanganya watu kwa sababu ni nzuri ya kunawia mikono na kusafishia ngozi. Ndani ya kizazi cha farasi imewahi kuacha kuta zimegandana, upande mmoja umeshikana na mwingine, na jike wa namna hiyo ndiyo basi tena. Povidoni-ayodini inavumilika endapo tu ni nyepesi sana, yenye rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Ikikolea, inachubua. Kuna enzi watu waliwahi kuweka hata mafuta ya taa, kwa hoja kwamba utando ukichubuliwa utajiotesha upya ukiwa mchanga. Wapo majike waliobeba mimba baada ya hapo, nakiri. Siwezi kumshauri mtu.

Penisilini, ampisilini ya chumvi ya sodiamu na seftiofuri kwa ujumla ni za upole kwa utando zikizimuliwa vizuri. Tahadhari moja: msichanganye penisilini na jentamisini ndani ya bomba moja la sindano kwa kutaka kuua ndege wawili. Zinabatilishana.

Turudi kwa farasi wako, maana kuna jambo kwenye maelezo yako lililonisimamisha kuliko aina ya dawa. Matibabu yalianza siku alipoacha kumkubali dume. Jike hutoa yai siku moja au mbili kabla joto halijaisha, kwa hiyo dozi ya kwanza iliingia yai likiwa limeshatoka, na ya tano iliingia karibu siku ya sita baada ya yai kutoka. Wakati huo mlango wa kizazi umefunga, kizazi kiko chini ya homoni ya kutunza mimba, hakijikamui, na askari wake wa kinga ni wavivu. Kinachoingia kinakaa. Dawa ile ile, dozi ile ile, ikiwekwa siku za mwanzo wa joto, hukuta mlango uko wazi na misuli inasukuma, na mabaki hutoka yenyewe. Ikiwekwa joto likiwa limepita, inalala mle na utando unaendelea kuungulika polepole.

Na hapo ndipo lilipo jibu la kile kioja cha siku tisa. Mzunguko wa farasi ni kama siku 21, na kati ya joto na joto hupita wiki mbili hivi. Utando wa kizazi ukichokozwa katikati ya mzunguko hutoa prostaglandini, na homoni hiyo inafika kwenye ovari na kuuvunja mwili wa njano unaozuia joto lisirudi. Kuanzia kama siku ya tano baada ya yai kutoka mwili huo unakuwa tayari kuvunjika. Dozi zako za mwisho ziliangukia hapo hapo, na juu yake kinyama kikakatwa, kitendo ambacho peke yake kinaweza kufupisha mzunguko. Kwa hiyo kurudi mapema si dalili kwamba kizazi kimekufa. Ni dalili kwamba kimechokozwa. Kwa namna fulani ni habari njema: utando ulioharibika sana mara nyingi hushindwa hata kuitoa prostaglandini hiyo, na jike akakaa muda mrefu bila joto.

Tuje kwenye kinyama chenyewe. Ni kipande kidogo, urefu wa sentimita moja au mbili, kinabanwa kwa mkasi maalumu wenye kijino, kinatumbukizwa kwenye dawa ya kuhifadhia, kinakatwa vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu na kupakwa rangi. Darubini ikitulia, jambo la kwanza ninalotafuta ni aina ya seli zilizojazana. Zile zenye kiini kilichogawanyika vipande ni za vita ya leo: zinafika ndani ya saa chache na kuondoka shida ikiisha. Limfosaiti na plazma seli ni za vita ya muda mrefu. Nikiona eosinofili nauliza mara moja kama jike huyu anavuta hewa ukeni au ana fangasi. Baada ya hapo ndipo naziangalia tezi, kama zinapumua au zimekabwa na pete za makovu, mbili tatu zikiwa zimesongamana kwenye kiota kimoja.

Waulize maabara uvimbe wako ulikuwa wa seli zipi. Kama ni zile za leo, basi umepima moshi wa kiberiti ulichokiwasha mwenyewe. Kukata kinyama siku mbili baada ya dozi ya tano ni mapema mno, na kile kipengele cha "uvimbe mkali" mimi nisingekihesabu kabisa. Kama ni limfosaiti zimejaa, hilo lina uzito, dawa haikulileta.

Daraja la IIB ni la mfumo aliouweka daktari wa mifugo Kenney mwaka 1978 na kuurekebisha pamoja na Doig mwaka 1986. Daraja la I linabashiri kuzaa kwa asilimia 80 hadi 90, IIA ni 50 hadi 80, IIB ni 10 hadi 50, na la III ni kama 10. Mfumo huo unajumlisha uvimbe na makovu pamoja, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa wakati utando umewaka inaweza kumshusha farasi daraja bila kustahili. Uvimbe ukiondoka huenda akapanda hadi IIA. Makovu hayatapungua. Hakuna dawa, ya kuweka wala ya kunywa, iliyothibitika kuyafuta, na atakayekuuzia moja anakuuzia matumaini.

Kuna jingine linalonikera kuhusu ile E. koli. Ni kimelea cha kinyesi. Kinaweza kuwa kweli ndani ya kizazi, na mara nyingi kikiwa mle hakileti maji mengi wala seli nyeupe nyingi kama streptokokasi anavyofanya, kwa hiyo kinafichika. Lakini kinaweza pia kuwa kimeokotwa njiani na pamba ya kuchukulia ute. Je, pamba iliingia ndani ya mrija wenye kizibo, ikafunuliwa ikiwa imeshafika kizazini? Je, walipaka ute kwenye kioo kuangalia seli, au walitegemea kuotesha peke yake? Kama ni kuotesha tu kwa pamba isiyofunikwa, huenda mlimtibu farasi ugonjwa wa ukeni. Na simama nyuma yake umwangalie, mkia ukiwa umeinuliwa: midomo ya uke imesimama wima, au imelala kwa juu na mkundu umezama ndani? Jike wa miaka 15 akikonda, sehemu hiyo huinama, na kila anapokunya uchafu unateremkia palepale. Daktari wa mifugo Caslick alieleza mwaka 1937 jinsi ya kuishona sehemu ya juu, na mpaka leo mshono huo mfupi huwasaidia majike wa namna hiyo kuliko antibayotiki zote nilizotaja, mradi ukumbukwe kufunguliwa kabla ya kuzaa.

Kwa joto hili alilorudi nalo mapema, usimpandishe na usimwekee dawa yoyote. Utando unataka kuachwa. Litumie kumwangalia kwa altrasaundi: kama kuna maji (huonekana meusi kwenye skrini) yenye kina cha sentimita mbili au zaidi, aoshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, lita moja moja, hadi yanayotoka yawe meupe kama yaliyoingia, na apewe oksitosini kidogo kizazi kijikamue. Ile safu ya juu ya seli hujirudishia yenyewe haraka kama dawa ilikuwa imezimuliwa. Mzunguko mmoja kamili humtosha. Kama utagundua jentamisini iliwekwa mbichi, mpe miwili. Daktari anaweza kumpa prostaglandini kati ya mzunguko ili joto lije upesi. Siku nyingi za joto ni siku nyingi za kizazi kujisafisha.

Siku ya kwanza au ya pili ya joto litakalofuata chukueni ute upya kwa pamba yenye kifuniko, muoteshe na mpake kwenye kioo. Kama pote ni safi, mpandishe mara moja tu, karibu kabisa na yai kutoka, halafu aoshwe saa nne hadi sita baadaye. Mbegu zinazohitajika zitakuwa zimeshapanda kwenye mirija kufikia saa hizo, kwa hiyo hamfukuzi mimba. Oksitosini baada ya hapo. Kwa farasi wako ningeweka dau langu kwenye kuosha na kukamua kabla ya antibayotiki yoyote, kwa sababu majike wa umri huu tatizo lao kubwa ni kwamba kizazi kimening'inia mbele ya nyonga na maji hayapandi kilima kutoka.

Vimelea wakirudi, basi atibiwe, ila mwanzoni mwa joto, kwa dawa ambayo maabara wameonyesha kwamba wanaisikia, siku tatu hadi tano, na aoshwe kwanza. Usaha huinyonya nguvu jentamisini, hivyo kuiweka juu ya uchafu ni kuitupa. Yai likishatoka mna siku mbili, tatu kwa kunyoosha sana, za kuendelea kuweka kitu. Kiinitete hushuka kizazini karibu siku ya sita na hakipaswi kukuta mafuriko. Na msizoee kurudia rudia. Kila mrija unaoingia unapita ukeni kwanza, na jike anayejazwa antibayotiki mzunguko baada ya mzunguko huishia na kandida au ukungu mwingine, ambao huchukua miezi na ni mgumu kuliko E. koli kumi.

Kinyama kingine kikatwe wiki tatu au zaidi baada ya dozi ya mwisho, si kabla. Kikirudi IIA, una farasi wa kuendelea naye. Kikirudi IIB ile ile kwa sababu ya makovu, fikiria kuvuna kiinitete siku ya saba au ya nane na kukipandikiza kwa jike kijana, kama sheria za aina ya farasi wako zinaruhusu. Kwa Thoroughbred, wale farasi wa mbio, hairuhusiwi, ila zipo aina nyingi zinazoruhusu.

Niandikie tena ukishapata majibu ya ute wa joto lijalo. Na usisahau lile la baikaboneti: nataka kujua zilikuwa mililita ngapi.